Kigingi cha Saba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kipanga alikuwa na kazi tatu: kufagia sebule, kuokota pini zilizoangukia chini ya cherehani ya mama yake, na kulalamika. Hiyo ya tatu hakutumwa na mtu, lakini ndiyo aliyoifanya kwa bidii kuliko zote.

"Safari gani hii, mama?" alisema siku hiyo, akiwa amepiga magoti chini ya meza na sumaku mkononi. "Shule nyingine wanapelekwa kuona viwanda, wanapelekwa kuona ndege. Sisi tunapelekwa kuona mchanga. Mchanga! Si ule ule mafundi waliomwaga nyuma ya nyumba walipokuwa wanajenga ukuta? Ningeutazama bure, nikarudi zangu kula."

Mama yake, mshonaji wa mapazia, alikuwa amebana pini mbili midomoni. Akajibu kwa upande mmoja wa mdomo. "Nasikia kile ni kilima, si lundo. Nasikia kinatembea."

"Kinatembea kinakwenda wapi? Kina miguu?"

"Mwanangu, mdharau mwiba mguu huota tende."

"Hiyo methali tumeshaifanyia mtihani," alisema Kipanga, akisimama na kujikung'uta magoti. "Nilipata zote."

Mama akazitoa pini mdomoni ili amjibu sawasawa, lakini binti yake alikuwa ameshabeba mkoba, yuko mlangoni. Kofia aliyowekewa juu ya kiti aliiacha pale pale. Kofia aliziona ni za watoto, naye alikuwa ametimiza miaka kumi na mbili.

Jina la Kipanga alipewa na wenzake, kwa sababu tangu darasa la tatu hakuna aliyewahi kumtoa kwenye nafasi ya kwanza. Alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kipanga huruka juu, vifaranga akawaona chini, na yeye ndivyo alivyowaona watu. Mwalimu akieleza jambo mara mbili, Kipanga alipiga miayo. Mwenzake akikosea hesabu ubaoni, alicheka kwa pua, kicheko kifupi kisichoweza kuadhibiwa.

Ndani ya basi la shule, mwalimu wa sayansi aliwapanga wawili wawili na kusema kwamba kila wawili watafanya kazi pamoja kutwa nzima. Kipanga alipangwa na Polepole. Alishusha pumzi kwa nguvu ili basi zima lisikie jinsi alivyoonewa.

Polepole alikuwa msichana mrefu na mkimya. Alitembea taratibu, aliandika taratibu, na kila swali alilitafuna kwanza kabla ya kulijibu. Aliyembandika jina hilo alikuwa Kipanga mwenyewe. "Ukimuuliza yule saa," alizoea kusema, "mpaka akujibu, saa yenyewe imeshapita."

"Umeleta kalamu?" Polepole alimuuliza baada ya kimya kirefu. "Mimi ninazo mbili."

"Mimi nimeleta akili," alijibu Kipanga, akageukia dirishani.

Walipofika, wanafunzi waliteremka wakainua vichwa. Kilima kile kilikuwa kirefu kupita jengo lolote walilowahi kuliona, na karibu chote kilikuwa mchanga mtupu, wa rangi ya ngozi ya simba. Upande wa bahari kilipanda kwa ulaini kama mgongo wa mtu aliyelala. Upande wa nchi kavu kilishuka ghafla, kikaingia msituni, na miti iliyokuwa karibu nacho ilikuwa imezama hadi shingoni. Ya mbele kabisa ilionekana vilele tu, vikavu, vimetokeza juu kama vidole.

Mwenyeji wao alikuwa mwanamke mnene aliyevaa buti za kiume na kofia pana. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa upepo. Watu wa huko walimwita Mama Mchanga, kwa kuwa yeye ndiye aliyeajiriwa kukitunza kilima.

"Hebu oneni," Kipanga aliwanong'oneza waliokuwa karibu. "Mtu mzima analipwa mshahara kulinda mchanga. Kwani nani atauiba?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mama Mchanga alikuwa na masikio mazuri.

"Hauibwi, mwanangu," alisema bila hasira. "Wenyewe ndio mwizi. Umeshatuibia barabara moja, bustani mbili, na ghala lenye mlango wa chuma. Upepo unazoa chembe upande wa bahari, unazipandisha juu, unazimwaga upande huu. Chembe kwa chembe. Ndivyo kilima kinavyotembea."

"Chembe kwa chembe," alirudia Kipanga chini chini, akimwiga. "Yaani hata kutembea kwenyewe ni polepole. Mna undugu, nini?" Alimpiga kiwiko mwenzake. Polepole akasogea kando.

Wakapanda. Kila hatua mbili mbele ilirudi moja nyuma, na mchanga ukajaa viatuni. Kipanga alifika kileleni wa kwanza, kwa sababu hakuwa tayari kufika wa pili popote. Alipoinua macho, akaona bahari yote mbele yake, na nyuma yake msitu na mapaa ya nyumba madogo kama vibiriti. Ukingo wa kilima ulikuwa unafuka mchanga mwembamba kama moshi. Kusema kweli, moyo ulimruka. Lakini alikuwa hajazoea kushangaa mbele za watu, basi wenzake walipofika wakihema na kupiga kelele za furaha, alikunja mikono kifuani.

"Ndiyo hii tu?" alisema.

"Ulitaka nini zaidi?" mwalimu alimuuliza.

"Bahari ninayo nyumbani kwenye kalenda, mwalimu. Ile haina upepo wa kunitia mchanga machoni."

Mwalimu alimtazama, akatikisa kichwa, akapuliza filimbi ya kushuka.

Chini, upande wa msituni, Mama Mchanga aliwaeleza kazi yao. Kuanzia mwanzo wa kilima hadi mwisho wake palikuwa na vigingi kumi vyekundu, kila kimoja kina urefu wa mita moja, na kati ya kimoja na kingine ni hatua mia na thelathini. Kila mwaka, upepo mkali ukishapita, wanafunzi wa shule yao walikuja kupima umbali kutoka kwenye kigingi mpaka pale mchanga wa kilima unapoanza. Umbali ukipungua, ina maana kilima kimesogea. Kila wawili walipewa kigingi chao, tepu ya kupimia, na karatasi yenye vipimo vya miaka miwili iliyopita.

"Mpime mara tatu, mjumlishe, mgawanye kwa tatu," alisema Mama Mchanga.

"Mara tatu?" Kipanga alidakia. "Kwani mchanga unabadilisha mawazo?"

"Mchanga hapana. Mkono wa mtu ndio unaobadilika." Mama Mchanga akaonyesha lori lililokuwa limesimama kando ya njia, limejaa nguzo na fito zilizofungwa kwa waya. "Sikilizeni vizuri. Ule ni uzio. Ukisimamishwa kule juu, upepo unapunguza nguvu na mchanga unabaki huko huko. Lakini unatosha sehemu moja tu, na lori lingine ni mpaka miezi minne ijayo. Mimi mwenyewe miezi miwili hii nilikuwa upande wa pili wa msitu, ambako dhoruba iliangusha miti. Huku sijapima. Kwa hiyo uzio utakwenda pale namba zenu zitakaposema mchanga umekaribia zaidi. Leo hampimi ili mpate alama. Mnapima kwa sababu kuna kazi."

Kipanga na Polepole walipewa kigingi cha saba. Kilikuwa mahali penye vichaka vya miiba, kilima kilipokata kona. Jua lilikuwa limepanda, na Kipanga, kichwa wazi, alianza kuhisi utosi unamgonga. Alipoona kivuli cha kichaka kikubwa, akakaa.

"Nenda kakitafute wewe," alisema. "Ukikiona uniite."

Polepole alichukua tepu, akaenda. Alikawia. Aliporudi, mikono yake ilikuwa na mikwaruzo ya miiba hadi viwikoni.

"Hakipo," alisema.

"Hakipo vipi?"

"Nimeanzia cha sita, nikahesabu hatua mia na thelathini. Nimefika, hakipo. Nikaenda mpaka cha nane, nikahesabu kurudi. Hakipo."

"Kigingi chekundu cha mita nzima, na wewe hukukiona!" Kipanga alisonya. "Hata ng'ombe angekupita ungeuliza ni nini. Macho unayo ya nini?"

Polepole alitafuna jibu lake. "Twende wote tukaangalie."

"Nikaangalie nini? Macho yangu nayajua, na yako nayajua."

"Basi tumwambie yule mama kwamba hakipo."

"Umwambie kwamba umeshindwa kuona mti mwekundu? Atacheka mpaka kofia imwanguke. Kaa utulie, uone watu wenye akili wanavyofanya kazi."

Aliitandaza karatasi juu ya goti. Mwaka juzi, umbali wa kigingi cha saba ulikuwa mita kumi na tatu na sentimita arobaini. Mwaka jana, mita tisa na sentimita kumi. Kwa hiyo kilima kilitembea mita nne na sentimita thelathini. Kipanga alitabasamu. Hesabu ya mtoto wa darasa la nne! Toa nne na thelathini nyingine, unabaki na mita nne na sentimita themanini. Aliandika 4.80. Halafu, kwa kuwa alikuwa mjanja, akaandika kipimo cha pili 4.79, na cha tatu 4.81, ili pafanane na mahali palipopimwa.

"Lakini hatujapima," alisema Polepole.

"Tumepima kwa kichwa. Kichwa hakina kutu kama hiyo tepu yako."

Polepole alifungua mdomo, kisha akaufunga. Miaka yote waliyosoma pamoja, alikuwa hajawahi kumaliza sentensi mbele ya Kipanga bila kuchekwa. Akaizungusha tepu, akaipangusa mchanga, akanyamaza.

Saa tano karatasi zote zilikuwa mikononi mwa Mama Mchanga. Umbali mdogo kuliko wote ulikuwa wa kigingi cha tatu, mita tatu na sentimita sitini. Akamwita mnyapara wa mafundi, mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza na mabega kama mlango, akamwonyesha kwa kidole. Mafundi sita wakaanza kupandisha nguzo. Nguzo arobaini, kila mmoja na yake begani, wakipanda na kuteleza, wakishuka kufuata nyingine. Wanafunzi walikula mikate yao kivulini wakiwatazama. Kipanga aliwatazama pia, akasema kwamba ingekuwa yeye, angebuni mashine.

Nguzo ya mwisho ilikuwa inakaribia kileleni pale Mama Mchanga alipokuja na karatasi moja mkononi.

"Nani alipima kigingi cha saba?"

Kipanga alisimama haraka. Aliijua sauti ya mtu anayekuja kusifu. Angalau alidhani anaijua.

"Miaka kumi na moja napima mchanga huu," alisema Mama Mchanga. "Ukikanyaga karibu tu, ukingo wake unamwagika sentimita tano, sita. Sijawahi hata siku moja kupata vipimo vitatu vilivyopishana sentimita moja moja. Njooni mnifundishe mlivyofanya."

Kipanga hakujua kama anasifiwa au anachekwa. Mwalimu aliinuka akafuatana nao, na mnyapara, aliyekuwa ameshuka kunywa maji, akaja nyuma yao huku akijifuta jasho. Polepole alikuwa wa mwisho.

Mama Mchanga alianzia kigingi cha sita, akahesabu hatua zake kwa sauti. Alipofika mia na thelathini alisimama. Mbele yake palikuwa na mteremko wa mchanga mtupu, umemeza nusu ya kichaka. Akainua macho juu taratibu. Kule kileleni, mahali ambapo siku zote palikuwa na kundi la miti iliyokinga upepo, sasa palikuwa na pengo, na mchanga ulikuwa unamwagika kupitia pengo lile kama unga kutoka kwenye gunia lililotoboka.

"Dhoruba ilipita na hapa," alisema, kama anajisemea mwenyewe. "Na mimi sikuwepo."

Alichukua chuma chembamba alichokuwa akitembea nacho, akapanda kidogo kwenye mteremko, akachoma mchanga. Akachoma tena. Mara ya tano kikasikika: tok. Akapiga magoti, akafukua kwa mikono, mwalimu akamsaidia. Kwenye kina cha kiganja na nusu ikatokea ncha nyekundu ya kigingi, na juu yake namba saba.

"Haya," alisema Mama Mchanga kwa upole uliokuwa mbaya kuliko makelele. "Nionyesheni mlipofunga tepu."

Kipanga alitamani ardhi ipasuke, na kwa kweli ilikuwa laini ya kutosha. Macho yote yalikuwa kwake. Ndipo ulimi wake ukafanya jambo ambalo baadaye alilikumbuka kwa aibu kuliko yote aliyoyafanya siku ile.

"Yeye ndiye aliyepima," alisema, akimwonyesha Polepole. "Mimi niliandika tu alichonitajia."

Mnyapara alimgeukia Polepole, akampandisha na kumshusha. "Huyu? Nilijua! Tangu asubuhi namwona anavyojikokota kama aliyekanyaga gundi. Mtu wa namna hii mnampaje kazi ya kutumia akili? Watu wangu wamepandisha nguzo arobaini, migongo imekatika, kwa sababu ya huyu! Wee binti, macho unayo ya nini?"

Polepole alisimama wima, mikono yake yenye mikwaruzo imening'inia. Hakulia. Hakumtazama mnyapara. Alimtazama Kipanga, si kwa hasira, bali kama mtu anayesubiri zamu yake ya kusema na anajua haitafika.

Maneno yale ya mnyapara Kipanga aliyajua yote. Sauti tu ndiyo iliyokuwa ngeni. Mtu yule hakumfahamu Polepole hata kwa jina, amemwona kwa saa chache tu akitembea, na tayari ameshamhukumu maisha yake yote. Ni ujinga ulioje! Kipanga alitaka kumdharau mnyapara kwa ujinga ule, kama alivyozoea kudharau kila mtu, lakini dharau ile ilikwenda hatua moja ikageuka, ikamrudia mwenyewe usoni.

"Si yeye," alisema.

"Sema kwa sauti," alisema mwalimu.

"Si yeye, ni mimi. Yeye alitafuta mara mbili. Aliniambia hakipo. Akaniambia twende tukaangalie, nikakataa. Nilikaa kivulini nikapiga hesabu."

"Hesabu!" Mnyapara alitema mate mchangani. "Basi piga hesabu nyingine nguzo arobaini zijihamishe zenyewe."

Kwa mara ya kwanza Kipanga alijua inavyokuwa mtu mzima anapokutazama kama kitu kilichonasa kwenye soli ya kiatu chake.

Mama Mchanga aliinuka. "Maneno baadaye," alisema. "Kwanza tupime."

Polepole alishika mwanzo wa tepu kwenye ncha ya kigingi. Kipanga alishika mwisho, mahali mchanga ulipokomea upande wa msituni. Wakapima mara ya kwanza: mita mbili na sentimita kumi na nne. Mara ya pili ukingo ulimwagika kidogo, ikawa mbili na tano. Mara ya tatu, mbili na kumi na moja. Kipanga aliandika kila namba kama alivyotajiwa, akajumlisha, akagawanya. Mita mbili na sentimita kumi kupita kigingi. Mwaka jana kilima kilikuwa mita tisa na kumi nyuma yake.

"Kimetembea mita kumi na moja na sentimita ishirini," alisema kwa sauti ndogo, "kwa mwaka mmoja."

"Sasa njoo huku." Mama Mchanga alitenganisha matawi ya kichaka. Nyuma yake palikuwa na chumba kidogo cha saruji chenye mlango wa chuma, na ndani yake mashine ilikuwa inanguruma taratibu. "Hiyo ni pampu ya maji. Mitaa mitatu inakunywa kutoka hapa. Chumba hiki tulikijenga mita kumi na nne kutoka kwenye kigingi, tukasema huku mchanga hautafika sisi tukiwa hai. Zimebaki ngapi?"

Hesabu ile ilikuwa rahisi, lakini Kipanga alipima kwa tepu kwanza ndipo akajibu. "Kumi na moja na sentimita tisini."

Mnyapara aliacha kuhema kwa hasira. Alitazama pengo kule juu, akatazama chumba cha pampu, akapiga mluzi mrefu. Kisha akageuka kuwaita watu wake.

Kutoka juu ya kigingi cha tatu hadi juu ya cha saba ni hatua mia tano na ishirini kwenye mchanga unaozama hadi kwenye vifundo vya miguu. Mwalimu hakumlazimisha mtu, lakini darasa zima lilipanda kusaidia, wawili wawili kwa nguzo moja. Walipomwona Kipanga, baadhi yao walicheka kwa pua, kicheko kile kile kifupi. Alikijua kilikotoka.

Yeye alishika nguzo upande wa nyuma, Polepole upande wa mbele. Safari ya kwanza walikwenda kimya. Safari ya pili Kipanga alisema, "Nisamehe."

Walikwenda hatua ishirini. Thelathini.

"Na mimi nina kosa," Polepole alisema hatimaye. "Nilijua, nikanyamaza mpaka nguzo zikapanda."

"Mimi ndiye niliyekunyamazisha."

"Ndiyo." Wakaenda hatua nyingine nyingi, na upepo ukiwapiga ubavuni. "Mikono inaniuma. Kusamehe nitakusamehe. Lakini jina lile silipendi. Tangu darasa la tatu silipendi."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani?"

Waliitua nguzo pamoja na nyingine. Walipogeuka kufuata ya tatu, Kipanga alimwita mwenzake kwa jina lake halisi, lile linaloitwa na mwalimu asubuhi wakati wa kuhesabu wanafunzi. Lilimkaa mdomoni kwa tabu kama kiatu kipya. Msichana yule aligeuka, akaitikia, wakaendelea.

Saa tisa uzio ulikuwa umesimama. Fito zilikuwa zimefungwa kwa waya kuziba pengo lote, zikiacha nafasi ndogo ndogo za upepo kupita. Wanafunzi walikaa mchangani, hoi, viganja vimechubuka, wakatazama. Upepo ulifika kwenye uzio ukiwa umebeba mchanga wake, ukapenya fito, ukatoka upande wa pili mwepesi. Nyuma ya kila ufito ukaanza kujikusanya mstari mwembamba wa mchanga. Ule moshi wa ukingoni ukapungua, kisha ukakoma. Mnyapara alicheka peke yake na kugawa maji yake.

Mama Mchanga alimwita Kipanga kando, wakapime umbali wa uzio kutoka ukingoni. Akampa mwisho wa tepu.

"Namba yako ya asubuhi ilikuwa nzuri sana," alisema. "Nzuri kiasi cha kukausha mabomba ya mitaa mitatu."

Kipanga aliinamisha kichwa. "Najua, mama. Nimekosa."

"Kusema uongo ulikosa, na kumsingizia mwenzako ulikosa zaidi. Hayo umeyakiri mwenyewe mbele ya watu, na haikuwa rahisi, nimeona. Lakini nataka ujue yalikotoka. Kichwa chako si kibaya, mwanangu. Ile hesabu yako ingekuwa sawa kama miti haikuanguka. Ila hukutaka kuinuka kuangalia kama miti ipo, kwa sababu uliona kuangalia ni kazi ya watu wasio na akili. Uliudharau mchanga, na mchanga haujui kwamba wewe ni wa kwanza darasani."

Alivuta tepu, akasoma, akaandika.

"Na kuna kubwa zaidi ya hilo. Leo mtu mmoja tu hapa alikuwa na habari ya kweli kuhusu kigingi cha saba. Neno moja: hakipo. Neno hilo lilikufikia wewe wa kwanza, kabla yangu mimi, kabla ya mwalimu wako, na hukulisikia, kwa sababu lilitoka kwenye kinywa ulichokidharau. Ubaya wa dharau ndio huo. Unadhani unamziba mdomo mwenzako, kumbe unajiziba masikio. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Haya. Shika vizuri hapo, tupime mara ya pili."

Kipanga alipiga magoti, akaukandamiza mwisho wa tepu kwenye mguu wa nguzo kwa vidole viwili. Mchanga ulimpiga usoni, machozi yakamtoka, lakini hakuondoa mkono mpaka alipoambiwa aachie.